Udi wa Mtandaoni: Simu Haina Pua

Mwezi mmoja kabla ya harusi ya mpwa wangu, dada yangu mkubwa alinituma udi. Bei ya madukani Mji wa Kale naijua, nikajitia ujanja: nikaagiza mtandaoni gramu 50 kwa shilingi 9,500, "udi wa Kambodia, daraja la juu", na pesa nikazituma mbele kwa simu. Ulikuja ndani ya kisanduku chenye nakshi za dhahabu. Dada akatia kipande kwenye chetezo. Dakika ya kwanza nyumba ikanukia, ya pili macho yakatuwasha, ya tatu ikabaki harufu ya jikoni.

"Hizi ni kuni zilizopakwa mafuta, ndugu yangu," akasema, akafunga kisanduku.

Siusemi udi tunaopika majumbani kwa sukari na manukato. Huo unajulikana ulivyo. Nasema udi wa mti. Mti wenyewe, Aquilaria, unamea Asia, kutoka Assam mpaka Indonesia, na ukiwa mzima mbao zake ni nyeupe, nyepesi, hazina harufu ya maana. Ukijeruhiwa na ukungu ukaingia, mti hujitetea kwa utomvu mweusi unaoganda ndani ya mbao kwa miaka. Utomvu huo ndio tunaoulipia. Si kila mti unao, ndiyo maana ni ghali, na ndiyo maana unaghushiwa.

Mghushi huchukua mbao zile nyeupe, au za mti mwingine kabisa, akazipaka rangi nyeusi na manukato. Wengine hupachika risasi ndani ili kipande kiwe kizito, kwa hivyo lile jaribio la wazee la kukitia majini kuona kama kitazama halitoshi tena.

Udi wa kweli ukiuvunja, mistari ya utomvu inaingia mpaka ndani, na hakuna kipande kinachofanana na chenzake. Wa kupakwa, weusi huishia juu, na ukiusugua kwa pamba yenye maji hutoa rangi. Udi mzuri ukiwa baridi hunukia kidogo tu. Ni moto unaouchemsha utomvu, na harufu hubadilika polepole. Kinachojaza chumba harufu kikiwa bado ndani ya pakiti, mimi nakitilia shaka.

Sasa, simu haina pua. Kwa hivyo siku hizi namwomba muuzaji avunje kipande mbele ya kamera, mchana, kisha akipime kwenye mzani nikiona. Mwenye mali hakasiriki. Picha zake nazitafuta mtandaoni kwanza. Ile ya kisanduku changu niliikuta kwenye kurasa nne za wauzaji tofauti. "Super" na "AAA" siyajali, kwani daraja za udi kila duka lajiwekea zake. Anayejisifu kuagiza shehena kutoka ng'ambo namuuliza vibali vya CITES, mkataba unaosimamia biashara ya Aquilaria zote tangu 2005. Vibali havisemi kama udi ni mzuri, lakini jinsi anavyojibu husema mengi. Halafu naagiza gramu 5 tu, na kulipa ni mpaka niushike mkononi.

Harusini tulifukiza gramu 10 za dukani, nilizozinusa mwenyewe. Yule muuzaji alishanifungia namba.