Makumbusho ya Kisumu Si ya Nyoka Tu, Cheki Hii Stori

Kama umekulia Mamboleo, Kondele ama Nyalenda, labda shule iliwapeleka Makumbusho ya Kisumu, mkacheki nyoka na mamba, mkakunywa soda, mkarudi mtaa. Sasa pata stori yenyewe.

Nairobi ilikuwa na makumbusho yake tangu 1930, enzi za mkoloni, yakiitwa Coryndon, jina la gavana. Kisumu ilingoja sana. Mipango ilianza 1975, na milango ikafunguliwa tarehe 7 Aprili 1980, kando ya barabara ya kwenda Nairobi. Ndani ziliwekwa mali za jamii za magharibi: vifaa vya uvuvi, vikapu, mapambo, zana za shamba. Nje kuna nyoka, kobe na samaki wa ziwa.

Lakini kitu kali zaidi ni Ber-gi-dala, boma zima la Kiluo lililojengwa kwa msaada wa UNESCO. Ni boma la mzee mmoja wa kubuni, mwenye wake watatu. Ukisimama hapo unasoma familia bila kitabu. Nyumba ya mikayi, mke wa kwanza, inatazamana na lango. Nyachira, wa pili, anakaa kulia kwa mikayi. Reru, wa tatu, kushoto. Kijana mkubwa ana simba yake karibu na lango. Usichanganye na yule simba aliyekaushwa kule ndani, anayemrukia nyumbu! Simba ya dala ni keja ya kijana.

Wewe unayelala bedsitter, kitanda na jiko chumba kimoja, huo mpangilio ungeuona wapi? Siku mzee akikuitia mambo ya kujenga dala ushago, utajua anaongea nini.

Noma ni hii: udongo na nyasi hazidumu kama mawe. Mvua inapiga, mchwa wanakula, paa linataka kuezekwa upya, na lazima awepo mtu anayejua kuezeka. Siku hizi kila mtu anataka mabati. Wakiisha wanaojua, boma litabaki picha tu.

Kwa hivyo wikendi ukiwa huna form, beba beshte zako mwende. Nyoka wataonekana tu. Anzeni na dala, na mumuulize mwongozaji kwa nini kijana hujengewa karibu na lango.