Vyuo Viwili Vyenye Jina Moja

Kila matokeo ya kidato cha sita yanapotangazwa, huzuka katika nyumba nyingi za Arua na Koboko mashauriano yasiyokwisha kwa usiku mmoja. Kijana amefaulu, nafasi zimepatikana mbili, na vyuo vyote viwili viko Muni, nje kidogo ya mji wa Arua. Jirani husema, "Mwanao amekwenda Muni," wala haulizi Muni ipi. Mzazi hana budi kuuliza, hasa mzazi askari, ambaye karo huitoa katika mshahara unaogawanywa kati ya kambi na nyumbani.

Chuo Kikuu cha Muni ni cha serikali. Kilipokea wanafunzi wa kwanza mwaka 2013, kikianza na teknolojia ya habari; baadaye yakafuata ualimu wa sayansi, uuguzi na kilimo. Mkuu wake wa kwanza, Profesa Christine Dranzoa, aliyefariki dunia Juni 2022, alikuwa mwanabiolojia, tena mpiganiaji wa elimu ya wasichana. Chuo cha pili ni kikongwe zaidi: ndicho kilichokuwa Chuo cha Taifa cha Ualimu, kilichotoa walimu wa sekondari wenye stashahada. Sera ya Walimu ya 2019 iliagiza kwamba kila mwalimu awe na shahada, na katika mageuzi yaliyofuata chuo hicho kiligeuzwa kampasi ya taasisi ya taifa ya ualimu iitwayo UNITE.

Basi tuchukue mfano wa binti wa Logiri, kule kusini karibu na mpaka wa Kongo, aliyefaulu vizuri historia na fasihi, na sayansi kwa kubahatisha. Baba yake yuko kikosini Karamoja, naye amesikia habari za mishahara. Hakusikia uongo. Julai 2022 serikali ilipandisha mshahara wa mwalimu wa sayansi mwenye shahada hadi shilingi 4,000,000 kwa mwezi, huku mwenzake wa masomo ya sanaa akibaki na takriban milioni 1. Walimu wa sanaa walikuwa wamekwisha kugoma tangu Juni. Kwa hiyo baba anaagiza: sayansi!

Kwa maoni yetu, agizo hilo ni la haraka. Mshahara hulipwa kwa aliyehitimu, na binti asiyeiweza fizikia hataiweza kwa sababu baba yake anaitaka. Huyu aende kunakofundishwa ualimu wa masomo anayoyamudu, ila aambiwe tangu sasa tofauti ya malipo ilivyo. Ndugu yake aliyefaulu kemia na hesabati, huyo apelekwe Chuo Kikuu bila kusita.

Wapo wanaovidharau vyuo vyote viwili kwa kuwa si vikubwa kama Makerere. Udogo si aibu. Huko Marekani, chuo cha Amherst kilianzishwa 1821 na mkuu wa chuo cha Williams aliyeondoka na baadhi ya wanafunzi wake. Hadi leo vyote viwili ni vidogo, ni mahasimu, na vinaheshimika sana, kwa kuwa mwanafunzi hujulikana na mwalimu wake. Lakini udogo una faida pale tu mwalimu anapokuwapo. Kwa hiyo mama afike Muni siku ya kazi, si siku ya sherehe, awaulize wanafunzi wenyewe: mwalimu wa somo hili anaishi hapa, au huja kwa basi kutoka Kampala? Katika maabara, wangapi hugombea darubini moja?

Aulize pia kama kozi yenyewe ina idhini hai ya Baraza la Taifa la Elimu ya Juu. Mwaka 2023 ilizuka taharuki ilipobainika kwamba kozi nyingi, hata za vyuo vikongwe, idhini yake ilikuwa imepitwa na muda.

Kuhusu fedha, mkopo wa serikali chini ya sheria ya 2014 hulipia karo na ada za chuo, nao umeelekezwa zaidi kwenye sayansi. Haulipii chakula wala malazi. Wengi hushtukia hapo, kisha wakaamua mtoto alale nyumbani. Kwa binti wa Logiri hiyo ni nauli ya bodaboda kila siku, na jioni kuni na maji vinamngoja kabla ya kitabu. Chumba cha kupanga pamoja na wenzake wawili karibu na chuo huenda kikawa nafuu zaidi.

Nafasi ina tarehe ya mwisho ya kuithibitisha, na ruhusa ya kikosini haifuati kalenda ya chuo. Baba aliye mbali apige simu mapema, aseme kiasi atakachotuma kila mwezi, na amwachie mama aliyekwisha kufika Muni kutia saini.