Simbilisi: Chakula Chao na Nyumba Yao



Katika kurasa hizi tumezoea kuzungumza juu ya mishahara, saa za kazi na usalama kiwandani. Leo tunazungumza juu ya kitoweo, na mambo hayo hayako mbalimbali. Kima cha chini cha mshahara kilichowekwa kisheria Uganda ni shilingi 6,000 kwa mwezi, nacho ni cha mwaka 1984. Bunge lilipitisha muswada mpya mwaka 2019, Rais akakataa kuutia saini. Kwa hiyo kibarua wa Mbarara hulipwa kadiri mwajiri apendavyo, na nyama huwa chakula cha sikukuu.

Wenzetu wa makazi ya Nakivale, wilayani Isingiro, wana taabu zaidi. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inawaruhusu kufanya kazi, nao ni wafanyakazi kama sisi. Lakini mwezi wa Aprili 2020 Shirika la Chakula Duniani lilipunguza mgao wao kwa asilimia 30, na mwezi wa Februari 2021 likaushusha hadi asilimia 60 ya kiasi cha awali. Wakati huo huo kipande cha shamba ni kidogo, wala hakitoshi kulisha ng'ombe wa Ankole.

Ndiyo maana twamtaja simbilisi, ambaye wengi waliotoka Kongo humwita kobayi. Asili yake ni milima ya Amerika ya Kusini, ambako watu walianza kumfuga kwa ajili ya nyama maelfu ya miaka iliyopita. Ulaya hufugwa awe mnyama wa kuchezewa na watoto. Kivu ya Kusini hufugwa awe kitoweo na akiba: huuzwa mmoja mmoja kwa ajili ya daftari au dawa, na wakati wa vita alifichika upesi pale mbuzi na ng'ombe walipoporwa. Ujuzi huo wenzetu wa Kongo walikuja nao, na yafaa tujifunze kwao.

NYUMBA

Simbilisi hapandi ukuta wala haruki juu. Ukuta wa sentimeta 50 wamtosha. Kifuniko ni kwa ajili ya adui zake, yaani paka, mbwa, panya, nyoka na mwizi. Banda la mita moja kwa mita moja na nusu latosha majike kumi na dume mmoja. Mbao za masanduku, matofali ya udongo au fito za mianzi zote zafaa.

Anaogopa mambo matatu: unyevu, upepo wa baridi na joto kali. Banda lisipigwe na jua la mchana, na mabati matupu bila majani juu yake ni tanuri. Wengi huwaacha watembee jikoni. Hapo hupata moshi, hukanyagwa, na kinyesi chao huingia kwenye vyombo. Kinyesi hicho chaweza kuleta ugonjwa wa kuhara, basi wasilale chumba kimoja na watoto, na mikono ioshwe baada ya kuwashika. Tandika majani makavu na uyabadilishe kila wiki. Taka zake ni mbolea nzuri ya migomba.

CHAKULA

Jambo la kwanza la kushika: simbilisi, kama binadamu, hawezi kujitengenezea vitamini C mwilini mwake. Lazima aipate katika majani mabichi kila siku. Akipewa pumba au nyasi kavu peke yake, viungo huvimba, manyoya husimama, kisha hufa. Wako wanaodhani amerogwa, kumbe amenyimwa majani.

Mpe majani ya tembo, majani ya viazi vitamu, majani ya mahindi, maganda ya matoke na majani ya kabichi. Robo kilo kwa siku yamtosha mkubwa mmoja. Meno yake hayaachi kukua, hivyo nyasi ngumu humsaidia kuyasaga. Majani yenye umande yaanikwe kwanza yanyauke kidogo, maana mabichi yaliyolowa humvimbisha tumbo. Usimpe majani ya viazi mviringo, ya nyanya, ya parachichi, wala ya muhogo mabichi. Hayo ni sumu. Kuanzia Juni hadi Agosti, Nakivale inapokauka, maji safi yasikosekane bandani.

Akiugua, usimpe penisilini iliyobaki nyumbani. Dawa hiyo inayoponya mtu humwua simbilisi. Mtenge na wenzake, kisha umwulize afisa wa mifugo.

UZAZI

Mimba huchukua kadiri ya siku 68. Watoto huzaliwa wakiwa na manyoya na macho wazi, na siku hiyo hiyo huanza kutafuna majani. Jike wa kienyeji akizaa wawili wawili mara nne kwa mwaka, majike manne huleta kadiri ya watoto 30, kabla ya kutoa wanaokufa. Wafikishapo wiki tatu, watenganishe madume na majike, kwani jike mdogo hushika mimba mapema akadumaa. Tena usiache dume azae na binti zake miaka nenda miaka rudi. Badilishaneni madume na jirani. Hapo ndipo ushirika unapoonekana: watu watano wenye mabanda matano hupata damu mpya bila kutoa hata senti.

Wako ambao dini zao haziwaruhusu nyama hii. Kila mtu afuate imani yake, na mengi tuliyosema juu ya usafi na unyevu yanamfaa pia mfuga kuku.

MSIMAMO WETU

Asitokee mwajiri akasema, "Mna simbilisi, nyongeza ya nini?" Wala asitokee wa ofisini akasema kwamba mgao waweza kupunguzwa tena kwa kuwa watu wamejifunza kufuga. Mnyama huyu hufikia kilo moja kwa shida. Hukidhi sahani ya mtoto mara moja moja, lakini halipi kodi ya chumba, wala hajazi pengo la mshahara wa mwaka 1984. Tunafuga ili watoto wetu wasikose nyama wakati tunapodai haki, wala hatufugi ili tuache kudai.

Basi, ndugu, jengeni banda, kateni majani, na mhudhurie mkutano wa tawi.

Umoja ni nguvu.