Mamba muntu haleti makuta

"Ile picha ya mamba muntu aliyoiacha marehemu baba, inaleta makuta, yaani pesa, au inaleta mikosi?" Swali hili huzuka kila familia ya Katuba au Kamalondo, hapa Lubumbashi, inapogawana vitu vya sebuleni, na wepesi wa kulijibu ni wawili: mganga anayetaka picha iwashiwe mshumaa, na mhubiri anayetaka ichomwe moto. Wanagombana bure, maana wote wanaichukulia kuwa hirizi. Picha ile ni kejeli.

Itazame vizuri. Mamba muntu ni pepo wa maji: mwanamke mweupe, nusu samaki, nywele ndefu, nyoka mwilini. Sura hiyo, kama ilivyoenea Afrika, chimbuko lake kubwa ni picha iliyochapwa na Friedländer huko Hamburg miaka ya 1880, ikimwonyesha mcheza nyoka wa maonyesho. Mwaka 1955 ilichapwa upya Bombay kwa wateja wa Afrika Magharibi. Anayeiwashia mshumaa anaabudu tangazo la sarakasi. Tena mara nyingi mwanamke huyo amevaa saa. Pepo wa maji ana zamu gani ya kuwahi? Hogarth, mchora kejeli wa London, mwaka 1732 alimpa saa Moll, kahaba wake, katika picha ya tatu kati ya sita, na kila mtazamaji alijua hakuinunua kwa jasho. Saa ya mamba muntu inasema jambo hilohilo: huu ni utajiri usio na mshahara nyuma yake, na masimulizi yanaongeza kwamba mwenye kuupata hufunga mdomo na kulipa kwa roho za ndugu zake. Picha hizi zilijaa sebuleni miaka ya 1970. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu wa Zaire alitangaza kwamba biashara za wageni zitapewa Wazaire, na watu ambao hawajawahi kuuza hata kiberiti wakaamka na maduka. Kuuliza hadharani mali imetoka wapi kulikuwa hatari. Ukutani, mamba muntu aliuliza bila kutaja jina la mtu.

Nitaambiwa watu waliamini kweli kwamba yupo. Waliamini, na wengi wanaamini hadi leo. Wanunuzi wa Hogarth nao waliamini Shetani yupo, wala hawakuiogopa karatasi. Na kama kitambaa kingeleta makuta, wa kwanza kutajirika angekuwa mchoraji, aliyerudia picha ileile mara nyingi juu ya magunia ya unga na kuiuza kwa bei ambayo mfanyakazi wa kawaida angeimudu. Halafu kuna picha ya Colonie belge (koloni la Ubelgiji), iliyotundikwa katika sebule hizohizo, mfungwa akichapwa fimbo mbele ya mzungu. Mbona hakuna anayeogopa kwamba itamletea viboko?

Basi, kwa haraka: usiichome, usiioshe kwa maji, usiipake vanishi. Iondoe penye jua, ipanguse kwa brashi laini, ipige picha mbele na nyuma, andika jina la mchoraji na la aliyeinunua. Ukitaka kuiuza, usimkubalie mnunuzi wa kwanza. Usipotaka kuiona tena, waulize kwanza watu wa makumbusho ya taifa hapahapa Lubumbashi. Picha mia moja hivi za historia ya nchi, alizozichora Tshibumba Kanda Matulu mwaka 1973 na 1974, zimehifadhiwa Amsterdam, na huko hakuna anayeziwashia mshumaa.