Tusiuze maharagwe kwa bei ya chini halafu tuyanunue tena kwa bei kali



Kwenye mikutano yetu ya Misisi na Lulimba, swali moja linarudi kila mara: «Agronomu, sisi ndio tunalima, mbona pesa yote inaishia sokoni kununua chakula?» Swali hilo ni la haki. Tulijibu pamoja, kwa hesabu.

Misisi iko mji wa dhahabu. Watu wengi wa machimbo hawalimi, wananunua. Chumvi, sabuni, sukari na ndagala vinatoka upande wa Baraka na Uvira, na vingine vimevuka ziwa Tanganyika kutoka Kigoma. Mvua ikiharibu barabara, lori linakwama na bei inapanda. Kwa mkulima, soko kama hilo lina faida na hasara. Akiuza, wanunuzi wako karibu. Akinunua, analipa bei ileile ya mtu wa dhahabu, na yeye dhahabu hana.

Hesabu ya maharagwe

Maharagwe ya msimu A tunayavuna mwezi wa 12 na wa 1. Wakati huo kila mtu anauza, bei inashuka. Mwezi wa 3 na wa 4, tukiwa tumeshapanda msimu B na bado hatujavuna, kila mtu ananunua, bei inapanda.

Tuchukue mfano. Weka bei ya soko lako mahali pa hizi zangu. Mama anauza kilo 40 mwezi wa 1, kilo moja franka 1.500. Anapata franka 60.000. Mwezi wa 3 nyumba haina kitu, anaanza kununua kidogo kidogo kwa franka 3.000 kilo moja. Akifikisha kilo 40, ametoa franka 120.000. Maharagwe ni yaleyale, pengine hata yametoka shamba lake mwenyewe. Amepoteza franka 60.000 bila mtu kumwibia.

Najua mutaniambia: «Agronomu, hatuuzi kwa kupenda.» Ni kweli. Mtoto amefukuzwa shule, kuna deni la mganga, na fukusi anatoboa maharagwe ndani ya gunia. Wengine wanaogopa kuweka chakula kingi nyumbani kwa sababu ya usalama. Kwa hiyo tuangalie shida hizo moja moja.

Fukusi: tumnyime hewa

Fukusi anahitaji hewa kama sisi. Ukifunga chakula pahali ambapo hewa haiingii, anaikosa na kufa, bila dawa yoyote. Ndiyo kazi ya mifuko ya PICS, yenye mifuko miwili ya plastiki ndani na gunia moja nje. Teknolojia hiyo ilianzia kwenye kunde za wakulima wa Cameroun, miaka ya 1980, na Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani.

Kama mfuko huo haupatikani, bido ya plastiki yenye kifuniko kizuri inafanya kazi ileile. Fuata hatua hizi:

1. Kausha maharagwe vizuri juani, juu ya hema au mkeka, si chini kwenye udongo.
2. Pima ukavu kwa chumvi. Tia chumvi kavu kidogo ndani ya chupa kavu ya kioo, ongeza maharagwe, tikisa dakika 2 au 3. Chumvi ikishika kwenye kuta za chupa, maharagwe bado yana maji. Rudisha juani.
3. Jaza bido mpaka juu kabisa. Nafasi tupu ni hewa ya kumlisha fukusi.
4. Funga kwa nguvu, na usifungue ovyo. Ni bora kuwa na bido ndogo kadhaa kuliko moja kubwa: unafungua moja, unaila mpaka iishe, ndipo unafungua nyingine.

Bido iliyobeba petroli au dawa ya shamba usiitumie kamwe, hata ukiiosha mara kumi. Na usitie dawa ya unga isiyo na maandishi juu ya chakula cha watoto.

Kuhusu usalama, usiweke akiba yote mahali pamoja. Sehemu iwe nyumbani, sehemu iwe ndani ya depo ya koperative, na kila memba awe na karatasi inayoonyesha kilo zake.

Kabla ya kutenga chakula, tenga mbegu. Nyumba inayokula mbegu leo itanunua mbegu kesho kwa bei ya juu kuliko chakula chote.

Kidogo kidogo kinakula mfuko

Maskini analipa bei kubwa kuliko tajiri kwa sababu ananunua vipimo vidogo. Tuseme bido ya mawese ya litri 20 ni franka 60.000, yaani litri moja franka 3.000. Sokoni litri hiyo inagawanywa kwa vipimo 10 vya franka 500. Anayenunua kwa vipimo anatoa franka 5.000 kwa litri.

Sasa nyumba 10 zikichanga franka 6.000 kila moja, zinanunua bido moja na kugawana litri 2 kila nyumba. Kila nyumba inaokoa franka 4.000. Ondoeni pesa ya usafiri, bado kuna kitu kinabaki. Chumvi na sabuni zinaweza kununuliwa hivyohivyo. Mchague mtu mmoja wa kununua na mwingine wa kupima, wasiwe mtu mmoja, ndipo manung'uniko yatapungua.

Makala nayo yanakula pesa. Loweka maharagwe usiku kucha, funika sufuria, na yakishachemka punguza moto wa mbabula. Nyuma ya nyumba, pahali ambapo maji ya kuoshea vyombo yanamwagwa, panda lengalenga. Kwa wiki nne mpaka sita unaanza kuchuma, na ile pesa ya mboga ya kila siku inabaki mfukoni.

Pahali ambapo kubana ni hatari

Kuna akiba moja ambayo mimi siikubali: kupunguza siku za kulowesha muhogo. Njaa ikizidi, au mnunuzi akiharakisha, watu wanatoa muhogo mchungu majini baada ya siku moja. Ndani yake bado kuna sumu. Mtu akila unga wa namna hiyo wiki nyingi, bila maharagwe wala samaki, anaweza kupata konzo: miguu inalemaa ghafla na haiponi. Inawapata zaidi watoto na wamama. Daktari Trolli aliieleza ugonjwa huo kutoka Kwango, hapa hapa Kongo yetu, mwaka wa 1938, na mpaka leo haujaisha nchini.

Lowesha muhogo siku 3 au 4, mpaka ulainike, kisha ukaushe vizuri. Ukinunua unga ambao haujui ulitengenezwa namna gani, changanya na maji mpaka ulowe, utandaze mwembamba juu ya sinia saa 2 juani au saa 5 kivulini, kisha upike bukari siku hiyohiyo. Sumu nyingi inatoka na hewa. Kazi hiyo haiombi hata franka moja.

Pesa ya shule bila kuuza gunia

Inabaki shida ya pesa ya haraka. Hapa ndipo AVEC inasaidia. Mpango huu wa vikundi vya akiba ulianza Niger mwaka wa 1991 na shirika la CARE, kati ya wamama wa vijijini. Memba ananunua hisa 1 mpaka 5 kila mkutano. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu tofauti. Pesa inahesabiwa mbele ya wote. Mwisho wa mwaka kila mtu anachukua akiba yake na faida.

Mwezi wa 1, memba wa AVEC anaweza kukopa franka 30.000 za shule na kuacha maharagwe yake ndani ya bido. Mwezi wa 3 anauza kilo chache tu kwa bei nzuri, analipa deni na faida yake, na nyingine anakula. Lakini angalisho: usikope kwa sherehe, na usikope zaidi ya kile ambacho bido zako zinaweza kulipa.

Kwa mkutano ujao, kila memba alete karatasi moja yenye mistari mitatu: kilo alizovuna, kilo alizouza na bei yake, kilo alizonunua na bei yake. Asiyejua kuandika asaidiwe na mtoto wake wa shule. Tukizisoma pamoja, tutajua bido ngapi za kutafuta kabla ya mavuno yanayokuja.

Mubaki salama, na mavuno mema.