Mbona alizaliwa mzima?

Vidole vya mtoto vimevimba kama vitumbua, akiguswa analia, na majibu ya damu yametoka: selimundu. Ana miezi tisa. Mama yake ananiuliza swali ambalo nimelizoea kliniki: "Daktari, mbona alizaliwa mzima?" Jirani keshamwambia ni kijicho cha watu. Mimi humwambia kwamba mtoto alizaliwa nao ugonjwa, ila ulikuwa bado haujapata mlango wa kutokea.

Ili nimweleze mlango huo, inanibidi nirudi nyuma mpaka kwenye yai. Sote tulianza na seli moja. Ikagawanyika, ikawa mbili, nne, nane, na kila mara vinasaba vikanakiliwa vyote. Kwa hiyo seli ya kongosho inayo jeni ya kutengeneza himoglobini, protini inayobeba oksijeni katika damu, lakini imeifunga, haiisomi. Kinachoifanya seli iwe ya ini au ya ngozi ni jeni zipi zimefunguliwa na zipi zimefungwa, na kazi hiyo hufanywa na protini zinazonata kwenye vinasaba kwa kufuata ishara za homoni na za seli jirani. Mwaka 1962, Mwingereza John Gurdon alieleza jinsi alivyochukua kiini cha seli ya utumbo wa kiluwiluwi na kukipandikiza katika yai la chura ambalo kiini chake kimeharibiwa. Likakua, likawa kiluwiluwi anayeogelea. Kumbe seli ya utumbo ilikuwa imeyafunga maelekezo mengine, haikuwa imeyatupa.

Seli nyekundu ya damu ndiyo inayotupa kweli. Huzaliwa ndani ya uboho wa mifupa, kutokana na seli shina ambayo ingeweza pia kuzaa seli nyeupe au chembe za kugandisha damu. Hatua kwa hatua njia nyingine huzibwa. Protini iitwayo GATA1 huisukuma kwenye wekundu, na homoni ya erithropoietini kutoka kwenye figo huamua ngapi zitanusurika. Mtu wa Mombasa akihamia Iten, mita 2,400 hivi juu ya bahari, figo zake huongeza homoni hiyo mara moja, kwa kuwa hewa ya huko ni nyepesi. Mwisho wa safari seli hukitoa nje kiini chake chote, vinasaba na kila kitu, ibaki na nafasi ya kubeba himoglobini. Haiwezi tena kugawanyika wala kujikarabati. Huishi siku 120 hivi, ndiyo maana uboho wa mtu mzima hulazimika kutoa seli mpya kama milioni mbili kila sekunde.

Sasa turudi kwa mtoto wetu. Kijusi hakipumui, oksijeni hukipata kwenye damu ya mama, kupitia kondo. Kwa kazi hiyo hutumia himoglobini ya utotoni, inayoing'ang'ania oksijeni kuliko ya mtu mzima. Kuanzia siku za kuzaliwa, seli zinazoelekea kuwa nyekundu hufunga taratibu jeni ya himoglobini hiyo na kufungulia ile ya ukubwani. Kasoro ya selimundu imo katika hii ya pili. Kadiri ya zamani inavyopungua, seli zikipungukiwa na oksijeni huanza kujikunja kama mundu, zikaziba mishipa midogo. Vidole ndivyo hulia kwanza.

Mwaka 2008 watafiti walionyesha kwamba protini ya BCL11A ni mmoja wa wanaoifunga jeni ile ya utotoni. Tangu hapo swali likawa: je, inafunguka tena? Inafunguka. Novemba 2023 Uingereza iliidhinisha tiba ya Casgevy: seli shina za mgonjwa hutolewa, kipande kinachoiwasha BCL11A katika seli za damu hukatwa, kisha seli hizo hurudishwa mwilini baada ya uboho wa zamani kuuawa kwa dawa kali. Marekani bei yake inazidi dola milioni mbili. Simtajii mama bei hiyo.

Ninayo haidroksiurea, dawa ya kunywa kila siku, ya miaka mingi na ya bei ya kibinadamu, ambayo nayo hupandisha himoglobini ya utotoni. Namwandikia, na tarehe ya kurudi kupima damu: nataka kuona ile ya tumboni imepanda kiasi gani.