Titani Kati ya Asidi na Besi

Kuanzia Februari 2014, meli zilipakia mchanga mzito kwenye gati la Likoni, Mombasa, na kuupeleka ng'ambo. Ulitoka kwenye machimbo ya kampuni ya Base Titanium huko Kwale, ambako uchimbaji ulisimama Desemba 2024. Cha ajabu ni kwamba kemia yenyewe haikufanyika Kwale. Maji yalitenga chembe nzito na nyepesi, sumaku ikavuta ilmenaiti, kisha umeme ukatenganisha rutili, inayoupitisha, na zirkoni, isiyoupitisha. Kazi ya kugeuza madini hayo kuwa kitu kingine waliachiwa wanunuzi, na ndiko asidi na besi zinakoanza kupimana nguvu.

Fomyula ya ilmenaiti ni FeTiO3, lakini wanakemia hupenda kuisoma kama oksidi mbili, FeO na TiO2. Ndani ya fuwele hazikai mbalimbali hivyo. Ni namna ya kuhesabu tu, ila ina manufaa. Oksidi ya chuma ina tabia ya besi, kama chokaa. Ile ya titani haina msimamo. Ipashe moto ndani ya asidi kali ya salfuriki, itayeyuka kana kwamba ni besi. Iunguze pamoja na kostiki soda, ile ya watengeneza sabuni, nayo itatoa titaneti ya sodiamu kana kwamba ni asidi. Oksidi ya namna hii huitwa amfoteri. Alumini nayo ina oksidi ya aina hiyo, ndiyo maana kostiki hula sufuria.

Njia ya zamani ya kupata unga mweupe wa rangi za nyumba, yaani oksidi hiyo ya titani, huyeyusha ilmenaiti yote kwa asidi ya salfuriki. Swali ni jinsi ya kutoa titani na kuacha chuma. Ioni ya titani ni ndogo na ina chaji nne chanya, kwa hiyo huyakamata maji yanayoizunguka kwa nguvu mpaka yanaachia protoni. Ioni ya chuma yenye chaji mbili haina ubavu huo. Myeyusho ukichemshwa, titani hushuka kama mashapo meupe ijapokuwa asidi ingali imejaa, na chuma hubaki majini. Lakini kwanza hutiwa chuma chakavu ili chuma chenye chaji tatu kigeuke kuwa cha chaji mbili: kile cha chaji tatu nacho huwa kikali kwa maji, kingeshuka pamoja na titani na kuuharibu weupe. Kwangu mimi, hapa ndipo penye utamu wote wa somo hili.

Njia ya pili hutumia klorini na kaboni kwenye joto la nyuzi 1,000 hivi, na humo besi ni kero. Oksidi ya magnesi hugeuka kloridi ambayo kwa joto hilo haitoki kama mvuke. Hukaa kama kimiminika, chembe zikagandana na tanuri likaziba. Mchanga wa pwani umelowa mvua kwa enzi na enzi, kwa hiyo magnesi yake ni kidogo. Minnesota, Marekani, hawana bahati hiyo. Ukitoka Burnsville, kusini mwa Minneapolis, ukaelekea kaskazini-mashariki hadi kwenye miamba ya Duluth yenye umri wa miaka bilioni 1.1, utakuta ilmenaiti tele, ila ina magnesi nyingi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota huko Duluth wamejaribu kulikwepa tatizo hilo kwa kutumia asidi ya hidrokloriki.

Besi zina upande wao mzuri pia. Miaka ya 1990, mtafiti Tadashi Kokubo na wenzake wa Kyoto, Japani, waliloweka metali ya titani kwenye kostiki soda ya nyuzi 60, kisha wakaipasha moto hadi 600. Juu yake likajengeka tabaka la titaneti ya sodiamu. Ikiwa mwilini, titani hiyo huachia sodiamu, majimaji ya jirani yanakuwa ya kibesi kidogo, na kalsi pamoja na fosfeti hujikusanya juu yake kuwa apataiti, madini yaleyale ya mfupa. Mfupa hushikamana nayo bila gundi. Nyonga bandia za namna hiyo zimekuwa zikitumika Japani tangu 2007.